Betri Iliyomrudia Pan Guilan

Saa tatu asubuhi, kabla wanunuzi wa jumla hawajaanza kusukumana na masanduku yao, Pan Guilan ameshakaa mezani pake, ghorofa ya pili ya soko la vifaa vya simu hapa Shenzhen, China. Anakata waya wa betri mbovu, anaziba ncha kwa utepe, anaitupa betri kwenye ndoo ya mchanga. Kila anapopita binti mwenye simu ya kava la njano, anainua kichwa.

"Siye," anasema, na kurudi kwenye mkasi wake.

Mama huyu wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Hunan, hubadilisha betri za simu. Mwezi mzuri humpa yuani elfu sita, na nusu yake huliwa na kodi ya meza isiyozidi upana wa mlango. Zamani betri mbovu alizitia doa la rangi nyekundu ya kucha asizichanganye na nzima, kisha akaziuza kwa kilo kwa Mzee Qiu, mnunuzi wa mabaki. Hela hiyo ilimtosha kununua wali na nyama yenye pilipili ya kutoa machozi.

Sokoni hapa hakuna anayeweka mzigo mwingi. Mteja akitaka usichonacho, unamwambia "kipo, subiri kidogo," unatoka mbio hadi meza ya jirani, unakichukua, unaongeza chako. Jirani naye amekitoa kwa mwingine. Kilikoanzia hakuna anayeuliza, maana kuuliza ni kumchelewesha mteja.

Mwezi uliopita, siku ya mvua, Guilan aliishiwa betri. Akakimbilia kwa jirani yake Zeng, akarudi na pakiti ya betri zinazong'aa kwa lebo mpya, akazifunga kwenye simu za wateja. Mmoja wao alikuwa Bibi Ou, muuza maandazi ya mvuke mlangoni pa soko.

Siku chache baadaye bibi alipanda ngazi na aproni yake, simu imevimba hadi kioo kimebanduka.

"We Guilan! Umenifungia betri au umenitilia hamira?" alifoka. "Ilikuwa mfukoni, hapa tumboni! Ingelipuka je?"

Majirani wakaangua kicheko. Guilan naye akacheka, akaifungua simu, akabandua lebo ya betri aone imetoka wapi. Chini ya lebo palikuwa na doa jekundu.

"Nilisema labda ni macho," anasimulia. "Nikalikwangua. Ni rangi yangu mwenyewe, niliyopaka kwenye harusi ya mdogo wangu!"

Nimeishi mji huu miaka mingi na nilijiona nimeshazoea hila zote za soko. Alipoitoa betri ile kwenye mchanga nikaliona doa, nilishika mdomo.

Alimvaa Zeng. Zeng akamwelekeza meza ya ghorofa ya juu, ya juu ikamwelekeza ya nyuma, na ya nyuma ikamtaja Mzee Qiu.

"Dada, makelele ya nini?" mzee alimshangaa. "Doa ulitia wewe, ukijua ni mbovu. Kuniuzia, uliniuzia wewe. Ulidhani nazila?"

Guilan alirudi sokoni. Alifunga meza, akawapigia wateja wote aliowafungia betri zile, akazing'oa bure. Wengine walimtukana, wengine walimcheka, lakini walikuja. Mmoja tu ndiye hakuja: binti wa kava la njano, aliyekuwa na haraka, hakuacha namba. Alitaja tu kwamba hulala na simu chini ya mto, kengele imwamshe kwa zamu ya kiwandani.

"Chini ya mto," Guilan anarudia, na mkasi anauweka chini.

"Dada Pan, mteja akirudi kulalamika sisi tunajificha chooni," Zeng anamtania kutoka meza ya pili. "Wewe unamtafuta kwa tochi!"

Guilan hacheki. Betri mbovu hamuuzii mtu tena, na mchana anakula wali na mboga. Anapanga ndoo ikijaa aipeleke mwenyewe kwenye kiwanda cha kuzisaga, asimame hapo hadi aone zimesagwa. Lakini nikimuuliza anatumaini nini hasa, hazungumzii kiwanda.

"Aje anitukane," anasema, macho yakiwa kwenye ngazi. "Akitaka aje na polisi. Ila aje kwa miguu yake."