Pazia la Watu Wawili

Dada yangu aliniomba kitu kimoja kwa ajili ya harusi yake: pazia la kupigia picha, la watu wawili.

"Wawili, mdogo wangu," alirudia. "Mimi na mume wangu. Kila picha niliyopigwa hapa nyumbani imejaa watu na mbuzi."

Nyumba yetu iko mlimani, juu ya Mlali, na ukuta wake wa udongo umepasuka mahali pengi. Hakutaka uonekane. Nilikata mianzi korongoni, nikaiacha ikauke. Nikashuka hadi mjini Morogoro kutafuta satini ya zambarau, maana gauni jeupe mbele ya kitambaa cheupe halionekani. Nikashona pindo kwa mkono, nikafunga majani ya kangaga juu yake. Kisha nikachimbia mianzi miwili, nikalitundika pazia, nikasimama katikati na kunyoosha mikono. Vidole viligusa mianzi ya pande zote mbili. Watu wawili walitosha, pamoja na gauni.

Siku moja kabla ya harusi akaja mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Posa ya dada aliipokea yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Hiki nini?"

"Pazia la picha."

Akalizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Na mimi nitasimama wapi?"

Nikasema ni la maharusi tu. Mimi huongea kwa sauti ndogo, sijui kama alinisikia.

"Picha ya harusi bila mjomba? Hiyo si ya harusi, hiyo ni ya kitambulisho!"

Uwanja mzima ukacheka. Nilimtazama dada, naye akainamisha macho, kwa sababu mjomba habishiwi. Nikachimba shimo lingine, nikaongeza mwanzi. Satini ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mama mdogo akaleta shuka lake la maua mekundu.

Jioni akafika mjomba wa pili kutoka Kisaki, mdogo wa yule wa kwanza.

"Kaka yumo, mimi nimekosa nini?"

Nikaongeza mwanzi. Safari hii kitambaa kilikuwa chandarua cha bluu. Hapo mama mdogo naye akaja juu.

"Na sisi wanawake tusimame wapi, juu ya mti? Shuka langu limo, mimi simo!"

Akachomoa pazia la mlangoni kwake, nami nikalifunga upande wa pili. Lile pazia langu likawa refu kama uzio wa bustani ya kabichi, kila kipande na rangi yake. Nilikuwa na hasira hadi vidole vikashindwa kufunga fundo, lakini kila aliyepita alinipongeza. "Umefanya kazi nzuri!"

Kesho yake tukarudi kutoka kanisani, na upepo wa mchana ukaanza kushuka mlimani kama kawaida yake. Pazia la watu wawili lingeuvumilia. Hili lilivimba, chandarua kikajaa kama tumbo, na mianzi yote ikaangukia benchi la wanakwaya. Watu wakacheka tena. Mpiga picha alikuwa anaangalia mawingu. Mvua ikinyesha, pikipiki yake haishuki barabara ya mlimani.

Dada hakucheka. Alikuwa ameshika shada lake kwa mikono miwili.

"Nilikuambia wawili," akaniambia.

Mimi! Hakumwambia mjomba wala mama mdogo. Nikachukua kisu nikaanza kukata kamba.

"Mpwa, unakata sehemu yangu?" mjomba mkubwa akauliza.

Nilikata upande wa shuka na chandarua, nikakata na upande wa mama mdogo. Nikasimamisha tena ile satini, nikajificha nyuma yake nikiwa nimeshika mwanzi mmoja kila mkono, mikono imenyooka kama siku ile nilipopima. Nilisikia dada na shemeji wakisogea mbele yangu. Mpiga picha akasema, "Hapo hapo, msitikisike." Akapiga moja. Matone yakaanza.

Picha ilipokuja, gauni lilikuwa limetoka vizuri na ukuta hauonekani. Lakini pembeni, kulia, pale lilipokuwa shuka la maua, kuna bega la koti la kahawia. Mjomba mkubwa hakuondoka mahali pake. Hakuna aliyemwambia aondoke, na mimi nilikuwa nyuma ya kitambaa.

Fundi wa fremu alijitahidi kulifunika, bado nusu linaonekana. Dada ameitundika hivyo hivyo sebuleni kwake. Mjomba akinikuta pale, kabla hajaketi, hugonga kioo kwa kidole.

"Mpwa, unaniona?"

"Nakuona, mjomba."