Honi ya Kwenye Kona

Jumapili, mwezi wa tano. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika watu wakienda kanisani, na sasa jua linakausha mabati.

Hapa Mafubira, Jinja, jirani yangu amenunua pikipiki kuukuu, ya zile za zamani zenye taa kubwa ya duara, na tangu asubuhi anahangaika na honi yake. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Watoto wanamcheka. Mimi nimeuweka ufagio chini nikakaa, maana sauti hiyo imenirudisha Mbale, kule Nkoma, nikiwa na miaka saba au minane. Sina hakika, na sitaki kusema uongo.

Baba alikuwa mtu wa kaskazini, askari wa magereza hapa Jinja. Mama alikuwa Mmasaba, mtu wa mlimani. Nyumbani tulisema Kiswahili cha kambini, ndicho kilichowakutanisha. Mwaka ule mama nami tulipanga nyumba Mbale ili tumuuguze nyanya, mama yake mama, aliyeshuka kutoka mlimani kutibiwa mguu. Baba alikuja kila Jumamosi kwa pikipiki.

Kila alipofika, honi ililia kwenye kona, karibu na duka la mafuta ya taa: paaa, pa. Nyanya, aliyekuwa akiota jua uani, alishika fimbo yake, akainuka kwa kuguna, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Ndipo baba alipoingia. Hata siku moja sikuwaona pamoja. Walisemeshana kupitia kwangu: mwambie nyanya dawa hii ni yake, mwambie baba yako nimeshukuru. Mimi niliyekulia kambini, mila za mlimani sikuzijua. Nikaamua kwamba wamegombana. Na niliogopa, maana nilimsikia nyanya akimwambia mama kwamba ipo siku atafunga nguo zake arudi kwake, mguu upone usipone.

Jumamosi moja honi haikulia. Nilitumwa dukani, nikamkuta baba kwenye kona, amekaa juu ya pikipiki iliyozimwa, shati limelowa jasho.

"Baba, mbona huji?"

"Honi imekufa. Nyanya iko wapi?"

"Uani."

"Basi nangoja."

Nilifurahi sana. Nikamvuta mkono, nikidhani wakionana ghafla watapatana, na nyanya hataondoka tena. Baba hakusogea. Nikasema basi nitangulie nimwambie. Hapo pia alikataa: mtoto akifika anapiga kelele, mzee ataharakisha, ataanguka na mguu ule. Honi ameizoea. Ikilia, anajua ana nafasi ya kuinuka polepole.

Akatoa spana, akaifungua honi, akanipa skrubu nizishike kiganjani. Ndani kulikuwa na kutu. Akavisugua kwa msasa vile vibati vinavyogusana, taratibu, kama anayesafisha kidonda. Wapita njia walimtania.

"Afande, bibi amekufukuza?"

"Bado naomba ruhusa," alijibu, bila kuinua kichwa.

Alipoifunga ikalia kama mwanambuzi. Akanituma nikaangalie. Nyanya hakutikisika, aliniuliza tu ni nani anapitisha mbuzi na jua hili. Nikarudi mbio. Baba akageuza skrubu ya nyuma kidogo, honi ikakoroma. Akageuza tena, akatega sikio, akageuza nusu. Mwishowe ikatoka ile yenyewe.

Nilipofika uani, nyanya alikuwa ameshashika fimbo. Nikamwuliza kwa nini anamkimbia baba.

"Na mguu huu, nakimbia?"

Nikamweleza yote, jua, kutu, skrubu. Akasimama mlangoni akiegemea fimbo, akacheka kimya kimya.

"Kumbe yule mbuzi ni wetu," alisema, akaingia.

Ilikuwa karibu na kuolewa kwangu mama aliponieleza kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na kwamba hiyo ni heshima, si hasira. Nyanya alikuwa amekataa kabisa kuja kuuguzwa mahali anapofikia mkwewe. Baba ndiye aliyetuma neno mlimani: atapiga honi kwenye kona na kungoja. Nyanya akauliza, na honi ikikosa? Baba akajibu, nitakaa barabarani.

Kuna wanaosema mila hiyo inawatesa wazee, na siwezi kuwapinga, maana niliona jinsi nyanya alivyotaabika kuinuka. Labda mimi ndiye nisiyeelewa mpaka leo. Ninachojua ni kwamba alikaa kwetu hadi mguu ukapona.

Jioni ya siku ile honi ilipokufa tulikula matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga. Baba alikula sebuleni, nyanya chumba cha nyuma. Mimi nilipita katikati na bakuli, na kila mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwenzake ameshiba.