Aliyekuwa Akimsomea Dawa

Mwaka ule nilipata kazi ya udadisi, ya kuuliza watu maswali nyumba kwa nyumba, katika utafiti wa nchi nzima. Tulipima watu wazima wanaelewa kiasi gani wanayoambiwa na madaktari na yanayoandikwa kwenye dawa. Mimi nilipangiwa kijiji cha Vitongoji. Kila swali lilianza namna moja, "Ni rahisi au ni vigumu kwako," na jibu nikalibonyeza kwenye kishikwambi.

Asubuhi moja msaidizi wa sheha, kiongozi wa pale kijijini, alinifikisha kwa mama mmoja mjane, akatuacha ukumbini. Mama alikuwa akimenya muhogo, akinijibu bila kuinua macho. Kuelewa anayosema daktari? Rahisi. Kujua dawa inamezwa vipi? Rahisi. Nikashangaa, maana punde tu alikuwa ameniambia hajui kusoma.

"Nani anakusomea, Bi?"

"Mwanangu."

"Yuko skuli?"

"Keshatangulia mbele ya haki. Mwaka wa pili huu."

Alifuta mikono kwa kanga, akaingia chumbani na kutoka na mfuko wa vidonge na simu ndogo. Akabonyeza.

"Mama, kile cheupe kikubwa, kimoja asubuhi ukishakula. Kile chekundu usiku. Usichanganye, mama."

Ilikuwa sauti ya msichana mchangamfu, na nyuma yake kuku wakilia. Nilifungua mdomo kuuliza. Mama akaninyooshea kidole.

"Nyamaza, anasema."

Sauti ilipokwisha, alimeza kidonge kikubwa. Nikaomba kuuona ule mfuko. Chekundu hakikuwamo. Vyote vilikuwa vyeupe, vikubwa na vidogo; alikuwa amebadilishiwa dawa za presha, naye akaendelea kufuata maneno ya marehemu. Pakiti ya vidogo haikuwa imeguswa.

"Na hivi vidogo, Bi?"

"Hivyo hajanambia habari zake."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama vile mtoto angerudi mchana na kumweleza.

Nikamwomba twende kituo cha afya, akakubali. Muuguzi akampima, akampima tena. Kisha akamweleza dawa moja moja, na mama akaitikia kwa adabu, "Naam, naam." Tulipotoka nje akanipa simu yake.

"Nitilie na wewe sauti yako. Lakini yake usiifute."

Nikasimama kando ya ukuta, nikarikodi maelezo ya muuguzi. Nilikusudia kuanza na "Bi," lakini lililonitoka ni "Mama," na lafudhi ikawa ya yule msichana, sijui kwa nini. Mama alinitazama sana.

Majibu yake niliyapeleka kama alivyoyatoa: rahisi, rahisi. Ndivyo tulivyofundishwa, kuandika anachosema mtu.

Miezi ilipita, nikampigia msaidizi wa sheha kumuulizia. Akaniambia presha imeshuka, mama hajambo, analima. Kila asubuhi husikiliza sauti zote mbili, ya mwanawe kwanza, kisha yangu. Majirani humsikia akiitikia, "Haya, mwanangu," wala hawajui anamjibu nani.

Sijarudi Vitongoji. Ila asubuhi, nikichemsha chai hapa kwangu Gombani, hunijia kwamba saa hii hii huenda nasema katika ukumbi ule, nikimpokea marehemu maneno. Huwa napunguza moto, nasikiliza.