Goma Ndani ya WETU

Ofisini kwetu Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwenzangu katika kazi ya kompyuta alikuwa dada wa mtaa wa Mbugangari aliyezaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikulia Tanzania, na Kiswahili changu kilimchekesha. "We unaongea kama redio," aliniambia. Haya, mama.

Tulisimamia faiwoli, mashine iliyokaa mlangoni mwa mtandao wetu na kuandika kila kompyuta inayopita na mzigo iliobeba. Iliandika kupita kiasi, jamani! Ndipo dada akatunga makro, yaani jina fupi linaloshika nafasi ya sharti refu. Akaliita WETU, akaingiza ndani anwani za kompyuta tunazoziamini, kisha akaamuru: onyesha wote isipokuwa WETU. Ripoti tuliyomchapia mkuu wa ofisi kila siku ikapungua hadi ukurasa mmoja. Tukajiona wataalamu kweli.

Kisha laini ya mtandao ikawa nzito, barua pepe hazitoki. Ukurasani ilionekana kompyuta moja tu, ya mhasibu, bwana mpole aliyerudi kutoka Uganda. Mkuu akaamua kwamba laini imeliwa na yeye, akamwambia afungashe vitu vyake.

Sikuamini hata kidogo. Bwana yule alikuwa anaogopa hata printa. Nikafungua makro nisome kilichomo. Loo! Ofisi yetu ya Goma, iliyotumia laini yetu kwa mawimbi ya redio, imo yote. Mhasibu, anayekaa meza ya pili kutoka kwetu, hayumo.

"Goma umeiweka ya nini?"

"Yewe! Mama yangu iko kule, dada zangu iko kule. Goma si kwetu?"

"Na mhasibu?"

"Ule? Bon, ule alikuja juzi tu."

Nilicheka, halafu nikakasirika. Nikaitoa Goma kwenye WETU, nikachuja upya, na mistari ya Goma ikamwagika: kutwa nzima wanavuta picha za mpira. Dada alizibeba karatasi mwenyewe. "Patron, ni watu ya kwetu ndio wanakula laini," alisema kwa aibu, na mkuu akafuta uamuzi wake.

Mhasibu alikuwa ameshafunga boksi. Tulipomweleza alilitua, akainama kwenye skrini, akasoma WETU anwani moja baada ya nyingine hadi mwisho.

"Kumbe miezi yote hii mimi nilikuwa mgeni?"