Timu Imehama, Neno Limebaki Buffalo

Miezi iliyopita niliondoka Louisville Jumamosi moja alfajiri kwa sababu baba yangu, mzee wa ubishi kama mnavyomjua, alikuwa amekataa kulizungumza jambo kwenye simu. Nawaandikia ninyi mliobaki Kasulu, maana nasikia habari zimeshawafikia zikiwa zimepindapinda, kwamba eti mtoto wa marehemu mdogo wangu Daudi ameuzwa kwa Wazungu. Hajauzwa. Kaeni niwaeleze nilivyoona kwa macho yangu, halafu anayetaka kuendelea kusengenya aendelee.

Mtoto mwenyewe, Eliya, mnamkumbuka, yule niliyekuwa namfinya sikio kwa kusukuma watu kwenye foleni ya maji kambini. Sasa hivi akiingia kwenye gari langu lazima ajikunje. Anasoma chuo kimoja cha Ohio, na anacheza mpira wa Kimarekani, ule unaoshikwa kwa mikono. Kazi yake uwanjani ni kusukuma watu wasimfikie mwenzake mwenye mpira. Ndiyo, kusukuma, na ndiko kunakomlipia ada.

Huku vyuo hujipanga kwa ligi, kila ligi na vyuo vyake. Zamani ligi ilikuwa ya majirani. Timu zinapanda basi, zinacheza, zinarudi kulala kwao. Siku hizi televisheni ndiyo inayolipa, na ligi yenye televisheni nono inavuta vyuo hata kutoka upande wa pili wa nchi. Chuo cha Eliya kilitangaza kwamba kinaiacha ligi yake ya majirani na kuhamia nyingine, ambayo timu zake zimetapakaa mpaka bahari ya Pasifiki. Kabla hata chuo hakijahama, kocha aliyemchukua Eliya akapata mshahara mkubwa zaidi kwenye chuo kingine huko huko magharibi, akaondoka. Kisha akampigia Eliya simu: nifuate, huku kuna pesa. Wachezaji wa chuo nao sasa wanaruhusiwa kulipwa. Alitaka jibu Jumapili jioni, maana dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa.

Mtoto wa mtu mwingine angejibu siku ile ile. Wetu alikuwa amefungwa na soda.

Kocha yule alipokuja mtaa wa West Side, Buffalo, anakoishi baba, kumwomba Eliya, baba alimpokea kama wanavyopokewa watu waliokuja kuposa. Kwetu Warundi neno halipitishwi kavu. Wazee hunywa chungu kimoja kwa mirija, na waliokunywa pamoja wameshikana. Sisi ni walokole, pombe hatugusi, kwa hiyo baba aliweka mezani chupa moja ya soda ya chungwa na mirija miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nakalimani. Baba akasema anamtoa mtoto, lakini kwa sharti kwamba ataletwa kucheza Buffalo ili yeye amwone. Kocha akasema hilo halina shida, ratiba ya ligi yao inawaleta Buffalo mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Wakainamisha vichwa, wakanywa. Kocha alidhani amekaribishwa kinywaji. Baba alijua amefunga agano.

Ndiyo maana Eliya alinipigia usiku wa Alhamisi, sauti imemkauka, akaniuliza: "Shangazi, nikienda, ni mimi niliyevunja neno la Babu?" Nikampigia baba kumuuliza. Baba naye alisema mambo ya agano hayasemwi kwenye simu. Nikaomba ruhusa ghalani ninakofanya kazi, nikajaza mafuta, nikaondoka.

Columbus niliingia kabla ya mchana. Mama yake Eliya, wifi yangu Furaha, anakaa mtaa wa Linden, kwenye nyumba ya kupanga ambayo joto lake linakuja na kuondoka linavyotaka. Furaha ni Mkongomani wa Uvira, mnajua Kiswahili chao cha kuchanganya na Kifaransa. Anapakia maboksi zamu ya usiku, na mgongo umeshamwambia basi. Alinipikia sombe, kisamvu chao, na ugali, akanitazama nikila, na nilipoosha mikono tu akaanza.

Alisema Eliya amemwahidi nyumba Hilliard, kule nje ya mji ambako kuna bustani na shule tulivu za wadogo zake. Alisema pesa za kocha ndizo zitakazomtoa kwenye zamu ya usiku. Nikamkumbusha habari ya agano. Nilijua ninachokoza, lakini nilikuwa nimechoka barabarani.

"Bon, wifi," akasema polepole. "Baba mukwe alikunywa soda. Miye nakunywa dawa ya mugongo kila siku. Donc, nani kati yetu alifungwa?"

Eliya alikuwa ameketi kwenye kochi, magoti yamefika karibu na kidevu, simu yake inawaka na kuzima juu ya meza. Ilikuwa ni kocha. Mama yake aliitazama ile simu, akamtazama na mwanawe, na hakuna aliyeishika. Nilimwonea huruma yule mwanamke kuliko nilivyotaka kuonyesha. Nilimwambia twende naye Buffalo akajisemee mwenyewe. Akasema zamu haina mtu wa kumshikia, na akisema mwenyewe mbele ya mkwe wake atalia, na hataki kulia kwa ajili ya mpira.

Mchana tukashika barabara ya Cleveland, mimi na Eliya. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiingereza, kama kawaida ya vijana wa huku. Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akasema kila anayemuuliza hivyo ameshaamua jibu lake. Nikasema mimi sijaamua. Akacheka kidogo, akasema ndiyo maana alinipigia mimi.

Akanisimulia. Wenzake wengi wanahama kila mwaka. Mmoja ameshapita vyuo vitatu, na ukimuuliza anasoma wapi anafikiri kwanza. Wale wanaobaki nao hawana raha, kwa sababu ligi mpya itawapakia kwenye ndege katikati ya wiki ya mitihani. Akaniuliza kama kubaki kwenye chuo ambacho chenyewe kimehama ni kubaki kweli. Nilimwambia aniache niendeshe, maana tulikuwa tumepita Cleveland na mawingu ya ziwa yalikuwa yamekaa vibaya.

Kufika Erie, theluji ikatushukia. Ninyi wa Kasulu sijui niwaelezeje theluji ya ziwa. Inakuja kama mtu anayemwaga gunia la unga usoni pako, na huioni hata pua ya gari lako. Lori moja mbele yetu liliteleza likakaa upande, taa zake zikatumulika sisi. Nilikanyaga breki, gari likaendelea kwenda lenyewe. Nililiita jina la Yesu na sikumbuki niliita mara ngapi. Tulisimama karibu kabisa na lile lori, na Eliya alikuwa amenyoosha mkono kunizuia kifuani, kama nilivyokuwa namzuia yeye alipokuwa mdogo. Akaomba aendeshe yeye, nikampa usukani. Simu ya kocha ililia tena hapo hapo. Eliya akaizima.

Buffalo tuliingia giza limeshatanda. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, koti limefungwa vifungo vyote, na alitupokea kwa maombi marefu. Kuhusu kocha hakusema hata neno. Nilipojaribu kuanza, alisema kesho ni Jumapili, na mambo ya kesho yatasemwa baada ya ibada. Nililala nikiwa na hasira naye. Jibu linatakiwa kesho yake jioni, na yeye anapanga mambo kama mtu mwenye mwaka mzima mkononi.

Jumapili mchana, tukiwa tumetoka kanisani, mambo yakaanza. Baba alivaa tena koti lake. Akaweka mezani chupa ya soda ya chungwa, bado imefungwa, na mirija miwili pembeni yake. Nilidhani anataka kumfunga mtoto upya, mbele yangu, na mimi nirudi Linden kumweleza wifi yangu hivyo. Eliya naye aliitazama ile chupa kama mtu anayetazama pingu.

"Mpigie huyo mtu wako," baba akamwambia. "Weka sauti sote tusikie. Dada mkubwa wa Daudi atakalimani."

Dada mkubwa wa Daudi ndiye mimi. Baba akikasirika husahau jina langu. Eliya akapiga. Kocha akashika mara moja, mchangamfu, akasalimia nyumba nzima. Baba akaniambia nimuulize kama anakumbuka siku aliyokuja hapa. Kocha akasema anakumbuka sana, alipewa soda tamu na mrija, hata huwa anawasimulia watu. Baba akaniambia nimuulize anakumbuka alisema nini kabla ya kunywa.

Kocha akasema, kwa adabu, kwamba alisema mengi mazuri kuhusu kijana.

Baba alitikisa kichwa. Akauliza kama huko aliko sasa timu yake itakuja kucheza Buffalo. Kocha akasema hapana, ligi yao haifiki huku, lakini michezo yote itaonekana kwenye televisheni. Nilikalimani, na nilimwona baba akigeuka kuitazama televisheni yake ndogo, iliyofunikwa kitambaa kwa sababu ni Jumapili.

"Muulize la mwisho," baba akasema. "Mtoto akimfuata huko, yeye mwenyewe atakuwepo mpaka amalize shule?"

Nilisikia kocha akivuta pumzi. Nasema ukweli, nilimwogopea; nilitaka adanganye ili mambo yaishe, na nilitaka asidanganye.

"Mwambie Mzee," kocha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza anamwita hivyo, "kazi hii yetu siwezi kumwahidi hivyo."

Baba alisema asante. Akamwambia Eliya akate simu. Tukakaa. Mimi niliitazama mikunjo ya mikono ya baba, nikasubiri hukumu.

"Mimi nilihamishwa na vita," akasema. "Kila tulipohamishwa walitupa turubai jipya na kutuambia hapa ndipo. Huyu mtu anahamishwa na hiyo," akaelekeza kidole kwenye televisheni. "Sina ugomvi naye. Leo amesema kweli. Lakini alikunywa na mimi, na ameondoka. Chuo nacho kinahama. Aliyeondoka ndiye aliyevunja. Wewe, Eliya, hufungwi na kitu."

Eliya akaanza kulia. Jitu kubwa vile, mabega yanatikisika. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kuvunjikavunjika, kwamba yeye hakutaka kufunguliwa, alitaka aambiwe la kufanya. Baba akasema hilo hataweza kumpa. Akachukua ile chupa, akairudisha ile mirija kabatini, akampa Eliya chupa peke yake.

"Nenda nayo popote utakapokwenda. Usiifungue kwa mtu yeyote mpaka upate nyumba isiyohama. Ukiipata, niite nije tunywe."

Saa za alasiri tukaondoka, barabara imeshapigwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Kwenye kituo cha mafuta nje ya Erie, Eliya aliniomba nisimame. Alitoka, akasimama kwenye baridi bila kofia, akampigia kocha. Nilimwona kupitia kioo akizungumza na kuitikia kwa kichwa. Aliporudi alisema amekubali kwenda, kwa mwaka mmoja, na pesa zitakwenda kwa mama yake. Kisha akasema kitu ambacho hakukisema mbele ya babu yake: kwamba hakuna chuo hata kimoja cha karibu na Buffalo kilichomtaka. Aliwaandikia mwenyewe kwa siri, na hawakumjibu.

Nilimkumbatia vibaya vibaya, usukani ukinibana ubavuni. Njia nzima mpaka Columbus sikujua nilikuwa namkasirikia nani.

Linden tulimkuta Furaha anavaa viatu vya kazi. Alipoambiwa, alikaa chini na kiatu kimoja mkononi, akasema "Bon." Hakucheka. Alimshika mwanawe shingo akaivuta chini mpaka vipaji vya nyuso vikagusana, kisha akavaa kiatu cha pili akaenda zamu, kwa sababu pesa zilikuwa bado hazijafika.

Louisville nilifika Jumatatu, nikarudi ghalani. Mnaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba nchi hii inaweza kuhamisha hata majirani. Na nilijifunza kwamba baba yangu, ambaye miaka yote nimemwita mbishi, alikuwa anataka jambo moja tu: amwone mjukuu wake uwanjani kwa macho, yeye mwenyewe akiwa jukwaani na blanketi magotini. Hilo hakulipata, na hakulitumia kumfunga mtoto.

Furaha sasa anafanya kazi mchana. Hilliard bado. Yule kocha, mwaka haujaisha, ameshatangazwa kwenye chuo kingine. Jana Eliya alinitumia picha ya chumba chake cha tatu tangu aende huko, chumba kitupu, maboksi sakafuni. Dirishani kuna ile chupa ya soda ya chungwa. Baba hana simu ya picha, kwa hiyo alinipigia kuniuliza inaonekanaje. Nikamwambia rangi imeanza kufifia kwa jua.

"Na kizibo?" akauliza.

Nikamwambia bado kipo.