Karai limesuguliwa likang'aa

Leo nimelala kitandani na mtoto mchanga, nikisikia mbolea yangu ikisuguliwa huko nje.

Akina mama wa jumuiya walikuja kuona mtoto hapa Matuu. Wakachota maji, wakafua, wakadeki. Mungu awabariki.

Halafu nikasikia brashi kwenye karai.

Ndani yake nilikuwa nakuza mwani, ule wa kijani kama ute, nikautie kwenye mpunga uwe mbolea. Wiki hii ndiyo ungeenda shambani.

Nikaita. Nani atasikia, na wanaimba? Kuinuka, mshono ukakataa.

Mama mkwe akaingia akitabasamu. "Pole, mwanangu. Ulilemewa mpaka karai likaota uchafu."

Kisha wakanizunguka, wakamshukuru Mungu kwa usafi.

Wenzangu, nyinyi mngesema nini?

Mimi nilisema amina.