Kamusi Isiyo na A

Jirani yangu hapa Gatina akiwasha jiko kwa karatasi, moshi ule mchungu huniingilia mlangoni, na mara moja niko tena Makina, mtaa nilikokulia, mtoto.

Kamusi yetu ilianzia herufi ya B. Msimu wa mvua, makaa yakiwa yamelowa, mama alizichana kurasa za A akawashia jiko, tukala. Kisha nikarudi kutoka shule na neno la kutafutia maana: amana. Nililia kwa hasira.

"Mwalimu nitamwambia nini?"

Mama akanishika kwa mkono wake wenye harufu ya vitunguu, akanisimamisha mlangoni. Ng'ambo ya kichochoro, mzee wa duka alikuwa akienda msikitini. Hakufunga duka. Aliweka tu kiti mlangoni, akaondoka.

"Unaona hiyo kiti?" mama akasema. "Ametuachia duka yake. Hiyo ndio amana. Enda uandike hivyo."

Niliziangalia peremende za pale dukani mpaka mzee akarudi. Sikugusa.

Siku hizi nina kamusi nzima. Juzi nilifungua A, nikasoma amana. Maana yake imeandikwa sawasawa. Kiti tu ndicho hakimo.